Kila Nyumba, Baba Mmoja

Kwetu baba ni mama. Sitanii, ingawa kutania ndiyo kazi ninayoifahamu vizuri zaidi. Kwa Ekegusii ukisema "baba" unamwita aliyekuzaa, na yule mwanamume mwenye buti za mpira na redio ni "tata". Mtoto wa huku akianza shule hukaa wiki nzima akishangaa kwa nini baba wa kwenye kitabu cha Kiswahili ana masharubu. Mimi niliuliza kwa sauti nikiwa chekechea, darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo sijanyamaza.

Jambo la pili: kwetu nyumba si familia nzima. Nyumba ni ya mke. Mwanamume mwenye wake wawili ana boma moja na nyumba mbili, kila nyumba na jiko lake, watoto wake na migomba yake. Sisi ni nyumba ya pili. Nyumba ya kwanza, ya mama mkubwa, iko upande wa juu wa shamba, na moshi wake hutufikia kabla ya salamu zake.

Nimeanza na hayo mawili kwa sababu bila hayo hutaelewa jinsi mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyeambiwa niandike mistari minne tu, nilivyobadilisha wapiga kura wote wa uchaguzi wa deni la shule yetu.

Shule yetu ni ya kutwa, juu kidogo ya soko la Kebirigo. Ina sheria moja ambayo nilidhani ni mzaha hadi niliposoma kwa macho yangu kwenye kabati la ofisi, siku niliyopelekwa huko kuadhibiwa. Zamani wazazi walikasirishwa na mkopo fulani wa tangi la maji, wakaketi, wakaandika kwamba bodi ya shule isikope tena zaidi ya pesa za chakula cha mchana za muhula mmoja. Yaani deni letu lina kikomo, na kikomo chenyewe kinapimwa kwa githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana.

Jambo hilo lilinikaa kichwani kama wimbo mbaya. Nilimuuliza mpishi kama benki ikikosa kulipwa itakuja kuchukua maharagwe. Akasema sufuria si yake, waje tu, lakini waje na watu wanne maana ile kubwa ni nzito. Nilimuuliza mwalimu wa hesabu nani hulipa deni ikiwa waliolikopa wamemaliza kidato cha nne na kwenda zao. Yeye huwa hajibu maswali yangu, ana uzoefu nayo, lakini hili alilijibu.

"Deni halifanyi mtihani," alisema. "Ninyi mnatoka, lenyewe linabaki darasani."

Kisha akanionyesha labu yetu ya sayansi, ile yenye mifereji mitatu ambayo mmoja tu una maji, akasema hata hiyo ilijengwa kwa mkopo, na wengi waliokuwa wanafunzi wakati huo waliondoka kabla ya paa kuwekwa. Niliingia humo siku hiyo nikiangalia meza kwa jicho lingine. Kuna watu wazima mahali fulani, labda sasa wana vitambi, ambao wazazi wao walinilipia mimi kuunguza nyusi zangu. Hatujawahi kusalimiana.

Sasa bodi ilitaka labu ya pili, na kwa kuwa mkopo wake ulipita kikomo, ilibidi wazazi waitwe wapige kura. Gredi ya kumi ya mtaala mpya imeingia, na shule inayotaka kufundisha njia ya sayansi inaulizwa labu zake ziko wapi. Yetu moja haikutosha. Bila ya pili, tungebakizwa na sanaa na masomo ya jamii. Mimi sina ubaya na sanaa, mimi mwenyewe ni sanaa inayotembea. Lakini nina mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko gredi ya tisa. Hawezi kupika firigisi kabla ya kuipasua na kututangazia kuku alikula nini juzi. Aliifungua redio ya tata, akairudisha, ikabaki skrubu moja, na redio ikasikika vizuri kuliko kwanza. Huyo anataka sayansi kama wengine wanavyotaka simu. Shule pekee anayoweza kuifikia kwa miguu ni yetu. Bweni hatuna uwezo nalo, na fomu ya kuchagua shule ilitakiwa irudi kwa mwalimu wake wiki moja baada ya mkutano wa wazazi. Kwa hiyo kura ya githeri, kwake, haikuwa mzaha. Ikipita, aandike sayansi. Ikianguka, aandike kitu kingine na azoee.

Na tata alikuwa ameshasema angepiga hapana. Mwaka fulani alimdhamini jirani kwenye mkopo, jirani akahamia Kericho bila kuaga, na bonasi ya chai ya tata, yale malipo ya mwaka ya kiwandani, ikakatwa hadi ikabaki ya kununua chumvi. Tangu hapo neno mkopo likitajwa yeye huangalia mlangoni. Alilisema mezani, kwa upole, kwamba hawezi kutia kidole chake kwenye deni la watu mia tano. Mdogo wangu aliacha sima yake ikapoa. Mimi nilikula yangu na yake, lakini kwa huzuni.

Sasa barua. Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa Pwani, amekaa kwetu mwaka mmoja na kidogo. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akisema "tafadhalini" unahisi umevaa shati chafu. Mimi huwa namwigiza, na siku moja nilimwigiza mbele ya darasa nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nilijua amesimama nyuma yangu pale wenzangu walipoacha kucheka wote kwa pamoja.

Hakunipiga. Alisema kwa kuwa Kiswahili chake kinanipendeza sana, nikae ofisini nitafsiri barua ya kuwaita wazazi, iliyokuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Iwe fupi, karatasi ni ghali. Kulikuwa na sentensi moja iliyosema kila familia iwakilishwe na mkuu wake mmoja, kwa sababu mkutano uliopita mume na mke walipiga kura tofauti na wakaendelea kupigana hadi barabarani. Niliandika "kila kaya". Akauliza nani Kebirigo anasema kaya. Nikafuta. Nikaandika: Kila nyumba, baba mmoja.

Alisoma mara mbili. Alisema asiye na baba atakuja mama, watu wataelewa, na akasifu ufupi wake. Kwa Kiswahili chake ilikuwa sawa kabisa. Na naapa, nilipoandika, na mimi nilikuwa ndani ya Kiswahili. Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa nawaza chakula.

Ujanja ulikuja Jumamosi, kanisani. Sisi ni Wasabato. Karani wa kanisa alisimama na matangazo, akaisoma barua ya shule akiigeuza kuwa Ekegusii papo hapo, kama anavyofanya kila wiki. Aligeuza mkutano, akageuza siku na saa, akageuza mkopo. Alipofika kwenye nyumba na baba hakuona cha kugeuza, maana hayo tayari yalikuwa yetu. Kila nyumba, mama mmoja. Nilisikia upande wa akina mama ukisogea kwenye viti. Upande wa akina baba, au tuseme akina tata, hakuna aliyefungua jicho.

Nikafahamu mara moja. Ningeweza kwenda kumwambia karani baada ya ibada. Nilimwona kabisa, amesimama mlangoni, hana haraka. Nilipita nikamsalimia kwa heshima zote nikaulizia mguu wake unaoumwa. Sehemu moja yangu ilikuwa inamfikiria mdogo wangu. Sehemu nyingine, na hii ndiyo kubwa, ilitaka tu kuona itakuwaje.

Kesho yake Wakatoliki walisomewa barua ileile, na nikasikia kwao ilikwenda vivyo hivyo. Tata aliambiwa na mama kwamba shule imeita akina mama. Akasema vizuri, yeye ana chai ya kuchuma.

Siku ya mkutano bwalo lilijaa leso na sweta. Akina mama walikuja kwa nyumba: wake wa boma moja waliingia pamoja wakakaa viti tofauti. Mama yangu alikaa mbele. Mama mkubwa alikaa nyuma yake kabisa, kama mtu anayemlinda au anayemchunguza, sijui. Wanaume walikuwa kumi na wawili hivi, wale wanaosoma barua wenyewe, pamoja na mwenye duka la vitambaa sokoni, Mwislamu ambaye nyumbani kwake baba ni baba. Waliketi pamoja karibu na dirisha kama wageni kwenye harusi ya watu wasiowajua.

Mwalimu mkuu alisimama, akahesabu kwa macho, akauliza kwa adabu kama akina baba wako njiani.

"Sisi ndio hao," alisema mama mmoja, na bwalo likacheka hadi mabati yakaitikia.

Ilibidi mwenye duka la vitambaa amsogelee mwalimu mkuu na kumweleza polepole, neno moja moja, baba ni nani huku na nyumba ni nini. Niliona uso wa mwalimu mkuu ukisafiri. Alinitafuta kwa macho, akanipata. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandikisha majina, na wakati huo niliyapenda majina yale kupita kiasi, sikuinua kichwa. Mzee mmoja karibu na dirisha alilalamika kwamba basi mwanamume mwenye wake watatu anapata kura tatu, na yeye mwenye mmoja anaonewa.

"Mzee, hizo kura si zake," alijibiwa na mwanamke ambaye hata hakugeuka. "Ni zetu."

Mwalimu mkuu aliisoma tena barua yake, yaani yangu, kisha akasema imeandikwa ilivyoandikwa na ina muhuri wa shule. Aliyekuja amekuja. Halafu akaniita mbele. Kwa kuwa mwandishi ni mimi, alisema, na kwa kuwa wengi wa wapiga kura wanasikia Ekegusii vizuri zaidi, nitasimama karibu naye nitafsiri kila neno. Alitabasamu aliposema hivyo. Nikajua adhabu yangu ndiyo kwanza inaanza.

Ilienda vizuri hadi kwenye kikomo. Alisema bodi inaomba kikomo cha mkopo kisogezwe, kutoka pesa za chakula za muhula mmoja hadi za mwaka mzima. Nikafungua mdomo, nikakuta Ekegusii changu hakina kikomo. Kina mpaka. Mpaka wa shamba. Nikatumia huo. Nilisema bodi inataka kusogeza mpaka.

Bwalo likanyamaza. Mtu asiye wa huku hawezi kujua. Mashamba yetu ni membamba kama riboni, kila mtu anajua mmea ulio kwenye kona yake, na mtu anayesogeza mpaka hata kwa upana wa kiatu huzungumzwa hadi wajukuu wake wakose wachumba. Nilikuwa nimewaambia akina mama mia moja na kitu kwamba mwalimu mkuu wa Pwani anaomba ruhusa ya kuiba ardhi. Mmoja alianza kufunga leso kiunoni, ambayo si dalili ya amani. Mama yangu alinitazama kwa jicho ambalo limekwisha kunitoa machozi mara nyingi. Na pale dirishani, upande wa nje, niliona sare ya shule nyingine. Mdogo wangu alikuwa amekuja.

Hapo mzaha ulinitoka wote. Nilijaribu kuurudisha mpaka. Nikasema si mpaka wa ardhi, ni mpaka wa pesa. Ikawa mbaya zaidi. Nikasema ni kama chama chenu, mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, basi shule nayo ina mara zake. Hilo walilisikia, maana wote wana vyama. Lakini wakaanza kuuliza kama watu wa vyama wanavyouliza: akiba ya shule iko wapi, mdhamini ni nani, asiyelipa chakula atalipiwa na nani, na mbona kwenye karatasi ya bodi kuna basi pia. Basi la nini, shule ni ya kutwa, watoto wana miguu. Nilitafsiri kila swali kwa mwalimu mkuu, na mengine sikuwa nimewahi kuyawaza, mimi niliyejiona bingwa wa maswali. Kwenye la basi alikohoa. Alisema basi ni la mashindano ya michezo. Nilipotafsiri hilo walicheka, na sikuwa nimeongeza chochote.

Kisha mama mkubwa akasimama. Watoto wake wote walishamaliza shule, wa mwisho kwenye shule hiyohiyo, na nilishangaa hata kumwona. Hazungumzi sana na mama yangu. Na mimi hunizungumzia zaidi kuliko kunizungumzisha.

"Mpaka husogezwa," alisema kwa Ekegusii, na hakuna aliyempinga. "Tumesogeza mara ngapi ng'ombe wapite kwenda mtoni? Unaita mashahidi, unasogeza, ng'ombe wanapita, unarudisha. Kosa ni kusogeza na kunyamaza. Waandike labu. Waandike siku deni likiisha mpaka unarudi ulipokuwa. Na basi litoke."

Akaketi. Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote darasani, bila kuongeza chumvi, na nilipomaliza mwalimu mkuu aliomba nirudie kile kipande cha kurudisha mpaka, akakiandika. Bodi ilitoka nje kidogo ikanong'ona. Waliporudi, swali lilikuwa limebadilika: kikomo kipandishwe hadi mwaka mzima, kwa labu tu, kisha kishuke. Ndiyo au hapana.

Walipiga kura kwa karatasi zilizokatwa kutoka madaftari ya zamani, kwenye ndoo mbili za plastiki zilizofunikwa. Mama yangu alitumbukiza yake akiwa ameifunika kwa mkono. Mama mkubwa alitumbukiza yake bila kuificha, lakini kwa haraka, sikuona. Ilipita. Si kwa kishindo, walioikataa walikuwa wengi, na wengine wao walikuwa akina mama waliouliza maswali mazuri zaidi. Nilipotoka, mdogo wangu aliniuliza jambo moja tu: kama watu waliokataa nao watalipa. Nikamwambia ndiyo. Alifikiri akasema hiyo si haki sana. Nikamwambia akayaseme hayo ndani ya labu.

Mwalimu mkuu alinisimamisha mlangoni. Nilitegemea kufukuzwa. Alitaka kujua kama nililijua kosa la barua kabla ya mkutano. Nikasema tangu Jumamosi. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kuona. Akasema muhula huu wote nitaandika kila barua ya shule kwa Kiswahili, na kila moja nitaipeleka kwa karani wa kanisa aisome kwanza mbele yangu. Nimeshaandika saba. Ile ya dawa za minyoo ilikuwa na shida zake.

Lakini fomu ya mdogo wangu ilihitaji sahihi ya mzazi, na yeye alitaka iwe ya tata. Mama angeweza kuiweka, alijitolea. Mdogo wangu alikataa. Alisema hataki kuingia sayansi kwa kona, akimzunguka tata.

Tulimfuata tata asubuhi akichuma chai. Habari alikuwa ameshazipata zote, boma letu halina siri, na aliendelea kuchuma huku akimsikiliza mdogo wangu. Aliuliza mama alipiga kura gani. Hatukujua. Aliuliza na huko juu kwa mama mkubwa je. Hatukujua pia. Akasema yeye angepiga hapana, na leo akiulizwa bado ni hapana.

"Ndiyo, tata," alisema mdogo wangu.

"Litaisha lini hilo deni?"

Mdogo wangu alikuwa amehesabu. Alimwambia kwamba mambo yakienda vizuri atakuwa amemaliza shule, na zaidi kidogo.

"Kwa hiyo watoto wa watu wengine ndio watamalizia."

"Wa watu wengine ndio walioanza kulipia ile labu ya kwanza," niliingilia, na mara hii sikufukuzwa.

Tata alishusha kikapu mgongoni. Alisimama akiangalia bonde kwa muda ambao mimi singeweza kukaa bila kusema kitu, na nilikaa. Kisha akaomba kalamu.

"Hapana yangu iko palepale," alisema. "Lakini mkishanitia kwenye deni, siwezi kulipia labu halafu watoto wa jirani ndio wachome vitu humo."

Aliiweka fomu kwenye kitako cha kikapu, akauliza mstari ni upi, akatia sahihi polepole kama mtu anayechora. Utomvu wa chai ulikuwa umemchafua vidole vikawa vyeusi, na alipoirudisha karatasi, alama ya kidole gumba ilikuwa juu ya neno sayansi, likaonekana nusu. Mdogo wangu aliipeperusha, akaipuliza, akajaribu kufuta kwa mate ikawa mbaya zaidi. Njia nzima hadi shuleni kwao alinisumbua akiuliza kama mwalimu ataweza kulisoma, na akisisitiza kwamba nikimwandikia barua ya kueleza, niandike kwa Kiingereza.